Nansio Hadi Bugando, Nikiifuata Sukari Yangu

Kipimo cha sukari cha kunywa hufanywa asubuhi, tumbo likiwa tupu tangu usiku. Kwa anayeishi Mwanza mjini, hiyo ni asubuhi moja bila chai. Kwetu kisiwani Ukerewe ni safari ya kulala: unavuka ziwa leo, unalala kwa ndugu, kesho unadamkia hospitali na njaa yako. Kwa hiyo nilipanda meli ya mchana kutoka Nansio, mtoto mgongoni. Mdogo wangu alinisindikiza, kabeba kapu la nguo za mtoto na chupa ya uji wake. Mfuko wa karatasi niliushika mwenyewe: kadi namba nne niliyoendea kliniki ya ujauzito, kadi namba moja ya mtoto, kadi ya bima, na barua ya rufaa ya Bugando.

Ziwa hili nimelivuka tangu usichana wangu. Nimelivuka kwenda chuo cha ualimu, kwenda kuzika, kwenda kununua sare za shule za wanangu. Bugando nayo nilikuwa naiona siku zote, maana majengo yake ya ghorofa yamekaa juu ya kilima, na ukiwa mjini karibu kila unapogeuka yako mbele yako. Hospitali hiyo ya rufaa ya kanda inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971. Lakini kilima kile sikuwahi kukipanda, wala sikuwahi kuvuka maji kwa ajili ya mwili wangu mwenyewe. Hii ilikuwa mara ya kwanza.

Melini tulikaa karibu na magunia ya udaga na machungwa. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, tunayefahamiana kwa sura, aliiona barua ya rufaa mkononi mwangu akasogea.

"Pole, mwalimu. Mtoto anaumwa nini?"

"Mtoto mzima, mama. Ninayekwenda kupimwa ni mimi. Sukari."

Alimtazama mtoto, akanitazama. "Si ile ya mimba? Mbona ulishajifungua?"

Swali hilo nililisikia tena bandarini, tena kwenye bajaji, tena kwa majirani wa mama mdogo nilikolala. Mwanamke mwenye mtoto mchanga akishika barua ya hospitali, watu wote humwangalia mtoto. Hawana nia mbaya. Ndivyo tulivyozoea: mimba ikiisha salama, mama amemaliza kazi.

Kisiwa kilipokuwa kinabaki nyuma niliwakumbuka Myombekere na mkewe Bugonoka. Mwandishi wetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliandika habari zao kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, na kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni hadithi ya mume na mke wanaohangaikia tiba ili wapate mtoto. Safari ya namna hiyo kila mtu kwetu anaijua uzito wake. Ukoo mzima huinuka kwa mali na kwa ushauri. Lakini safari ya mwanamke aliyekwisha kuzaa, mtoto wake mzima mikononi, anayekwenda kuulizia afya ya mwili uliombeba mtoto huyo, haina desturi. Watu hawajui wampe pole au hongera.

Safari yangu ilianza katikati ya mimba ya mtoto huyu, wa tatu. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 ndipo inaposhauriwa mjamzito apimwe sukari, na mimi nilipimwa kabla ya kula ikasoma milimoli 5.8 kwa lita. Kwa mtu asiye na mimba, namba hiyo isingewashtua madaktari wengi. Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia 5.1 kuwa ni kisukari cha mimba. Nesi alinieleza kwa utulivu. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi vizuri, ili chakula kiwepo cha kutosha kumfikia mtoto. Kongosho ya mama inatakiwa iongeze insulini kufidia. Isipoweza, sukari inapanda. Sikuhitaji sindano, nilipunguza wanga, nikatembea kila jioni, nikapimwa mara kwa mara.

Mtoto alizaliwa na kilo 4.3. Wodini walimsifu kwa unene wake, na wifi yangu akasema huyu kaja na afya yake. Mimi nilitokwa na damu nyingi, nikapata nafuu, nikaruhusiwa. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na tarehe za chanjo za mtoto. Kuhusu sukari yangu haikuwa na neno. Nyumbani nikapikiwa uji mzito wenye sukari na maziwa, kama anavyopikiwa mzazi yeyote anayependwa, na kila aliyenitembelea alisema sukari imetoka na kondo.

Kwa kiasi fulani walisema kweli. Kondo likitoka, homoni zile huondoka, na kwa wanawake wengi sukari hurudi chini ndani ya siku chache. Kinachobaki ni kongosho ileile iliyoshindwa kufidia mzigo ulipoongezeka. Kwa sababu hiyo wataalamu wanashauri mama aliyepata kisukari cha mimba apimwe tena, kwa kipimo cha kunywa, kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha aendelee kupimwa maisha yake yote, kila mwaka au angalau kila miaka mitatu.

Sasa tazama kadi namba moja ya mtoto. Chanjo za wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14. Tarehe hizo zote nilihudhuria. Nilikaa kwenye benchi la kliniki, mtoto akapimwa uzito, akachomwa sindano, akaandikiwa tarehe nyingine. Wiki ya 6 na ya 10, zilezile ambazo mwili wangu ulitakiwa kupimwa, nilikuwa nimekaa ndani ya kituo cha afya, mikono yangu iko wazi, na hakuna aliyeniomba kidole.

Aliyeniomba alikuwa nesi kijana, siku ya chanjo ya miezi tisa. Nilitoa kadi ya mtoto kwenye mfuko, na kadi yangu ya zamani ikatoka nayo. Aliisoma, akauliza, "Mama, baada ya kujifungua ulipimwa sukari tena?" Nikamwambia hapana. Akaniambia nirudi kesho yake sijala. Ilisoma 6.4. Daktari aliyeniona baada ya hapo alisema namba hiyo peke yake haimalizi maneno, akaandika rufaa niende kwenye kliniki ya kisukari Bugando, nifanyiwe kipimo cha kunywa na kuonana na bingwa. Aliongeza agizo ambalo sikulitarajia: siku tatu kabla ya kipimo nile kama ninavyokula siku zote, ugali wangu na viazi vyangu, nisijinyime. "Wanawake wengi hujinyima ili wafaulu," alisema. "Mwili ambao haujala wanga hujibu tofauti, na majibu yanatudanganya wote wawili."

Baada ya zaidi ya saa tatu majini, mawe ya Mwanza yakaanza kuonekana, yamepandana ufukweni mpaka vilimani, nyumba zimejishikiza katikati yake. Tulichukua bajaji hadi Kirumba kwa mama mdogo, si mbali na Mwaloni, ambako harufu ya dagaa hukupokea kabla hujaona soko. Alikuwa amepika sato wa nazi, ugali na matembele, na soda zikiwa mezani kwa ajili ya wageni. Nilikula vizuri, soda nikampa mdogo wangu. Ilipofika saa mbili usiku nikafunga kinywa, isipokuwa maji.

Usingizi haukuja upesi. Bibi yangu mzaa mama alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Nilikuwa mdogo, nikitumwa kumpelekea maji ya kuoshea kidonda, na hadi leo nakumbuka alivyokuwa akigeuza uso wakati kinafunguliwa. Usiku ule nilijiuliza bibi alianza kuugua lini. Alizaa watoto wengi, wawili kati yao wakisimuliwa kwa unene wao wa kuzaliwa. Hakuna aliyempima. Huenda ugonjwa ulikuwa naye miaka mingi kabla mguu haujasema.

Alfajiri mama mdogo alinishika mkono mlangoni. "Nenda mwanangu. Kupimwa si kuugua." Tulipanda kilima jua likianza kutoka. Getini, mapokezi, dirisha la bima, faili. Kila hatua ina foleni yake na kila foleni ina mtu anayekuelekeza ukimuuliza kwa adabu. Mimi mgeni nilikuwa nauliza kila kona. Hatimaye nikafika kwenye benchi la kliniki ya kisukari, wengi wakiwa wakubwa kwangu kwa umri.

Walinitoa damu ya kwanza. Kisha wakanipa gramu 75 za glukozi zilizokorogwa kwenye maji, nizimalize ndani ya dakika tano. Ni utamu unaokaa kooni na kutaka kurudi juu. Nilimeza polepole mpaka nikamaliza. Saa mbili zilizofuata sikutakiwa kula wala kuzunguka, ila kunyonyesha niliruhusiwa, na mtoto hakusubiri kuambiwa mara mbili.

Pembeni yangu alikaa mama wa Sengerema, mguu wa kushoto umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. Alikuja kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, akafurahi kusimulia jinsi siku hizi hawasubiri tena kivuko. Nilimwamkia, naye akauliza lile swali la wote.

"Mtoto ana nini, mwanangu?"

Nilipomweleza, alinyamaza kidogo. Halafu akasema yeye aliambiwa ana sukari kwenye mimba ya mwisho, akajifungua, akaambiwa imeisha. Mtoto huyo sasa yuko sekondari. Katikati ya miaka yote hiyo hakuna aliyempima mpaka alipokanyaga mwiba shambani na kidonda kikakataa kupona. "Hakuna aliyeniita," alisema. "Ningeitwa ningekuja. Kliniki ya watoto sikukosa hata siku moja."

Maneno yale yalinichoma kuliko sindano ya maabara. Huyu hakuwa mama mzembe. Alikuwa mwaminifu kwa kila tarehe aliyoandikiwa, na tarehe yake mwenyewe hakuandikiwa. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti zilizojumlisha wanawake zaidi ya milioni moja, yakaonyesha kwamba aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha ukubwani karibu mara kumi ya mwanamke ambaye hakukipata. Ndani ya hesabu hiyo wamo wanawake wa benchi lile, na nilikuwa nimekaa katikati yao.

Baada ya damu ya pili nilisubiri tena, kisha nikaitwa kwa daktari. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Hakukimbilia majibu. Aliuliza kwanza mtoto anaitwa nani, analala vipi, mimi ninalala vipi, na nani ananisaidia nyumbani. Ndipo akageuza karatasi niione. Kabla ya kunywa: 6.3. Baada ya saa mbili: 9.1.

Akachora mistari miwili. Kwa kipimo cha kabla ya kula, kuanzia 7.0 ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni mpakani. Kwa kipimo cha saa mbili baada ya kunywa, kuanzia 11.1 ni kisukari. Kati ya 7.8 na 11.0 ni mpakani. Namba zangu zote mbili ziliangukia katikati. "Huna kisukari," alisema, "lakini mwili wako umeshaanza kushindwa kuishusha sukari kama inavyotakiwa. Hii ni hatua ya awali, na hapa ndipo tunapoweza kufanya mengi."

Niliuliza kwa nini wasitumie kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, kisichohitaji kufunga wala kuvuka ziwa na kulala. Alinijibu bila haraka. Kipimo hicho kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu. Mtu aliyepoteza damu nyingi, mwenye upungufu wa damu au mwenye selimundu, chembe zake hazikai muda wa kawaida, na namba inaweza kutoka juu au chini ya ukweli. Kwa mama aliyetoka kujifungua, na huku kwetu ambako selimundu ni nyingi, kipimo cha kunywa ndicho anachokiamini zaidi.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelishika mpaka leo. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mpakani. Waliopunguza uzito kidogo kwa chakula bora na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Lakini miongoni mwa wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba, njia zote mbili zilipunguza hatari kwa takriban nusu. Kwetu sisi, dawa ilisaidia karibu sawa na mazoezi na chakula. Tukakubaliana nianze na chakula na mwendo, na vidonge vibaki kuwa njia iliyo wazi tukipima tena na namba zikigoma.

Nilitoka mle nikijisikia mwenye nguvu. Nilikuwa nimeogopa kuambiwa maneno mawili tu: "punguza uzito." Badala yake nilipewa sababu, mipaka na mpango.

Kutoka hapo nilionana na mtaalamu wa lishe, akauliza tunakula nini Ukerewe. Nikamtajia ugali wa muhogo, viazi vitamu, dagaa, sato, matembele, maharage, machungwa. Hakuukataza ugali. Alichukua sahani halisi akaigawa kwa mkono: nusu iwe mboga za majani, robo iwe samaki, dagaa au maharage, robo inayobaki iwe ugali au viazi, si vyote viwili kwa mlo mmoja. Chungwa nilile zima, na nyama zake, juisi niache. Chai nizoee kuinywa bila sukari kwa kupunguza kijiko kidogo kidogo. "Na wote nyumbani wale hivyo," alisema. "Usipikiwe chungu chako peke yako."

Daktari alikuwa ameongeza mengine. Niendelee kunyonyesha, kwa sababu kunyonyesha kunamsaidia mtoto na kunapunguza pia hatari yangu mimi. Nikitaka mimba nyingine niipange, nipimwe kabla, na nikishika mimba niseme historia yangu katika hudhurio la kwanza bila kusubiri wiki ya 24. Nipimwe kila mwaka, na shinikizo la damu pia. Na huyu mtoto wa kilo 4.3 akue kwa kucheza na kula vizuri, kwa kuwa naye ana sababu ya kuangaliwa.

Meli ya kurudi ilikuwa na upepo mzuri. Nilimpigia mume wangu simu nikiwa bado bandarini, nikamsomea namba na mipaka yake. Alikaa kimya akisikiliza, kisha akasema, "Basi sahani hiyo tutaigawa wote." Sikuwa nimemwomba. Wanaume wanaosoma haya wajue kwamba sentensi kama hiyo ni sehemu ya tiba. Mwanamke hawezi kupika sufuria mbili, kulea watoto watatu, kufundisha darasa zima na kutafuta nusu saa ya kutembea, kama hakuna anayempokea mtoto.

Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa yule nesi kijana aliyeiona kadi yangu. Nilimwonyesha majibu, nikamshukuru, nikamwomba jambo moja: kwenye kadi namba moja ya mtoto, pembeni ya chanjo ya miezi 18, aandike pia "mama apimwe sukari, aje hajala." Aliandika kwa kalamu nyekundu. Tangu hapo anaangalia kadi namba nne za akina mama wengine wanapokuja na watoto wa wiki sita, na akikuta kisukari kimeandikwa huwapa maagizo hayohayo. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Amefanya kwa kuwa ameona jinsi ilivyo rahisi.

Ninaandika nikitaka urahisi huo uwe kanuni, usitegemee nesi mmoja mwenye macho makini. Mama uliyewahi kuambiwa una sukari ukiwa mjamzito, itunze kadi namba nne kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Ukienda chanjo ya wiki ya sita, nenda hujala, na useme mlangoni: nilikuwa na kisukari cha mimba, naomba nipimwe. Ukiambiwa imeisha, jibu kwamba ndiyo maana umekuja, kuhakikisha. Na ninyi mnaopanga huduma za mama na mtoto, mama huyo yuko tayari kituoni kwenu. Amelipa nauli, amekaa foleni, mtoto yuko mapajani. Mwandikieni na yeye tarehe yake, kisha mwiteni.